Kazi Isiyo na Mtu Anayeisubiri Haimfundishi Mwanafunzi wa Fildi

Kila mwaka, vyuo vikuu vya Tanzania vinapofunga kwa likizo ndefu ya katikati ya mwaka, wanafunzi wengi huingia kwenye kampuni, benki, viwanda na halmashauri wakiwa na barua ya utambulisho kutoka chuoni na daftari la kumbukumbu za kila siku ambalo wenyewe huliita logibuku. Wanakwenda fildi. Kwa wiki nane hivi watakuwa watu wa ofisi, kisha watarudi chuoni na ripoti. Nimezisoma ripoti za aina hiyo kwa miaka kadhaa sasa, na kinachonihuzunisha ni jinsi zinavyofanana. Sura ya kwanza hueleza historia ya kampuni, ya pili muundo wa uongozi, na ya tatu shughuli alizofanya mwanafunzi, ambamo utakutana na sentensi zile zile: nilishiriki katika kupanga mafaili, nilisaidia katika idara ya uhasibu, nilijifunza kufanya kazi kwa ushirikiano na kuzingatia muda. Ukifika mwisho hujui kijana huyu alijifunza nini hasa, na mara nyingi, ukimwuliza ana kwa ana, unagundua kwamba naye hajui.

Wapo hata hivyo wengine, wachache, ambao ukiwauliza swali hilo hilo wanazungumza nusu saa bila kusita. Wanakutajia mteja, tarehe, tarakimu iliyogoma kukubaliana na nyingine, mzee wa stoo aliyewaokoa. Nimejaribu kutafuta kinachowatenganisha na wenzao. Hakiko katika alama za darasani, wala katika ukubwa wa kampuni, kwa kuwa wamo waliofanya fildi kwenye ofisi ndogo ya mkoani na wakatoka na mengi kuliko waliokaa kwenye jengo la vioo pale Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Nilichokiona ni kwamba wale wachache walipewa kazi ambayo kulikuwa na mtu anayeisubiri. Wengine walipewa kazi ambayo hata isingefanyika kabisa, hakuna ambaye angeuliza. Naamini karibu kila kitu ambacho mafunzo kwa vitendo yanaweza kumfundisha mwanafunzi kinasimama juu ya tofauti hiyo.

Wazo la kumtoa mwanafunzi darasani na kumpeleka penye kazi lina historia ndefu. Mwaka 1906, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati nchini Marekani, mhandisi Herman Schneider alianza na wanafunzi 27 waliokuwa wakibadilishana zamu kati ya darasa na kiwanda, kwa sababu aliona kwamba yako mambo ya uhandisi ambayo hayafundishiki ubaoni hata mwalimu awe hodari namna gani. Hapa kwetu, Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzishwa mwaka 1973, mafunzo ya viwandani wakati wa likizo yalikuwa sehemu ya masomo. Mwaka uliofuata Azimio la Musoma, tamko la chama tawala cha TANU kuhusu elimu, lilikwenda mbali zaidi: liliwataka vijana waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza, na maoni ya waajiri wao yazingatiwe, kabla ya kupokewa chuo kikuu. Utaratibu huo ulilegezwa na hatimaye ukaachwa, na sina nia ya kuutetea wote, maana uliwachelewesha wengi. Lakini ulikuwa na jambo moja ambalo mafunzo ya leo yamelipoteza. Kijana aliyeajiriwa alikuwa na wajibu halisi, na alipokosekana pengo lake lilionekana.

Tuchukue idara ya uhasibu ya kampuni ya kawaida ya biashara jijini Dar es Salaam, kwa kuwa ndiko wanakopelekwa wengi wa wanafunzi wa uhasibu, fedha na biashara. Darasani mwanafunzi amefundishwa kodi kama mada: amejifunza maana ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, viwango vyake, na jinsi ya kukokotoa kiasi cha kulipa kwa kutoa kodi ya manunuzi kwenye kodi ya mauzo. Ofisini anakuta kwamba mwezi mzima umepangwa kuzunguka tarehe mbili. Tarehe 7 ni siku ya mwisho ya kupeleka TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, kodi ya mishahara ya mwezi uliopita, pamoja na ule ushuru wa kuendeleza ufundi stadi ambao wahasibu wote huuita SDL. Tarehe 20 ni siku ya mwisho ya ritani ya VAT, yaani fomu ya kuitangaza kodi hiyo. Siku za katikati ya mwezi watu hucheka na kunywa chai. Tarehe 18 na 19 hakuna anayeinua kichwa.

Sasa mpe mwanafunzi bahasha ya risiti za mwezi mzima na umwambie azipange, azikague na kuziingiza kwenye jedwali, kwa kuwa mhasibu atazihitaji kesho asubuhi. Anaanza vizuri. Kisha anafika kwenye risiti ya shilingi 1,180,000 ya vifaa vya umeme vilivyonunuliwa Kariakoo, ambamo shilingi 180,000 ni VAT, na anaona kwamba risiti ni halali, imetoka kwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kielektroniki, lakini haina jina la kampuni wala TIN yake, yaani namba ya mlipakodi. Dereva aliyetumwa kununua hakuitaja, na mwenye duka hakuiuliza. Kitabu alichosoma hakikumweleza la kufanya hapa, kwa kuwa mifano ya kitabu huja na risiti zilizokamilika. Anamwuliza mhasibu, naye bila kuinua macho anamwambia kwamba risiti hiyo haiwezi kutumika kudai kodi, na kwamba kama haitarekebishwa kabla ya ritani, hizo laki na themanini zitakuwa hasara ya kampuni.

Mwanafunzi anatumwa Kariakoo. Dukani anaelezwa kwamba risiti ya kwanza imekwisha kuingia kwenye mfumo wa TRA na haifutiki kwa maneno tu, kwamba iko taratibu ya kuirekebisha, na kwamba mwenye duka ana wateja kumi mbele yake na hana haraka. Kijana anapaswa kumshawishi mtu mzima ambaye hana sababu ya kumjali. Atamwamkia, atasubiri, ataeleza tena, pengine atampigia simu mhasibu ili wazungumze wenyewe. Atarudi jioni na karatasi iliyo sahihi, au atarudi mikono mitupu na kulazimika kusema hivyo mbele ya watu. Vyovyote iwavyo, ameonja kitu ambacho hakuna mhadhara ungempa: kwamba kodi ya kampuni huanza kwenye mdomo wa dereva aliyesahau kutaja TIN, na kwamba mfumo mzima wa udhibiti wa fedha anaousoma kwa kukariri umejengwa ili kuzuia usahaulifu wa aina hiyo.

Naona ndani ya mfano huo kuna masomo ambayo hayafanani kwa uzito. Jepesi ni lile la utaratibu, yaani jinsi ritani inavyojazwa na jinsi vocha ya malipo inavyopita mezani kwa watu watatu kabla ya hundi kusainiwa. Hilo angelijua tu mwezi wa kwanza wa ajira. Zito zaidi ni kwamba swali la kazini huja likiwa nusu. Mtihani humpa mwanafunzi taarifa zote zinazohitajika na humficha jibu peke yake. Ofisini sehemu kubwa ya kazi ni kujua ni nini hasa kinachoulizwa, nani anayo taarifa iliyokosekana, na ni lini inafaa kuacha kuhangaika peke yako ukauliza. Wanafunzi wetu wengi bora huumia hapa. Wamezoea kwamba kuuliza ni dalili ya kutojua, na katika madarasa yenye mamia ya watu kuuliza kumekuwa aibu, kwa hiyo mtu anaweza kukaa siku nzima na jedwali lisilokubaliana na taarifa ya benki kwa kuogopa kusema neno moja.

Zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni namna ya kulitangaza kosa. Shuleni kosa ni la mwanafunzi peke yake: linampunguzia alama na biashara inaishia hapo. Kazini kosa lina wenyewe wengi. Tarakimu iliyokosewa leo itaingia kwenye ritani ya kesho, na itakapogunduliwa miezi sita baadaye na mkaguzi, atakayetakiwa kujieleza ni mtu aliyesaini, na huyo si mwanafunzi. Kijana anayeligundua kosa lake saa kumi jioni, wakati msimamizi wake anavaa koti aondoke, ana sekunde chache za kuamua kama atasema au atanyamaza. Akisema, na msimamizi akavua koti na kukaa naye kulirekebisha bila kumdhalilisha, amefundishwa jambo atakalokwenda nalo hadi siku ya kustaafu. Akisema na akafokewa mbele ya ofisi nzima, naye amefundishwa, ila amefundishwa kuficha. Kampuni nyingi hazitambui kwamba katika wiki hizo nane zinampa mtu tabia ambayo mwajiri mwingine atakuja kuilipia.

Yako pia ambayo kijana hujifunza kuhusu watu, na hapa ofisi zetu zina utajiri mkubwa. Atakuta kwamba anayejua faili lilipo, mteja gani hulipa kwa kuchelewa lakini hulipa, na mkataba gani ulibadilishwa kwa mdomo, ni dada wa masijala au mzee wa stoo mwenye cheti cha kidato cha nne. Cheo na ujuzi havikai mahali pamoja siku zote. Mwanafunzi anayeingia akiwasalimia mameneja tu, huku akimpita mama anayefanya usafi kana kwamba hayupo, hukaa wiki nane bila kuelewa kwa nini karatasi zake huchelewa. Sisemi haya ili kumfanya awe mjanja. Kumwamkia mkubwa kwa shikamoo, kumwita mtu kwa jina ambalo ofisi nzima humwita, kukaa na watu wakati wa chai na kusikiliza zaidi ya kusema, hizo ndizo njia ambazo maarifa yasiyoandikwa hupita, na katika kampuni nyingi sehemu kubwa ya maarifa haijaandikwa popote.

Mwanafunzi asiyepewa kazi naye hujifunza, na hili ndilo linalopaswa kututia wasiwasi. Anafika saa mbili asubuhi, anasaini, anaonyeshwa kiti kwenye kona. Anatumwa kutoa fotokopi, anatumwa kununua vocha ya simu, anatumwa kupeleka barua. Saa nane mchana anaambiwa anaweza kuondoka. Baada ya wiki mbili ameelewa kwamba ofisini kinachotazamwa ni kuonekana, kwamba saini kwenye daftari la mahudhurio inatosha, na kwamba kujipendekeza kwa bosi huleta faida ya haraka kuliko kutenda. Siku ya kuandika ripoti inapofika hana cha kuandika, kwa hiyo anatafuta ripoti ya mwanafunzi wa mwaka uliopita, anabadilisha jina la kampuni na tarehe, na inapokelewa. Anapewa alama nzuri. Huyu amemaliza mafunzo yake akiwa na ushahidi wa vitendo kwamba udanganyifu hulipa, na chuo ndicho kilichomthibitishia.

Waajiri hujibu kwamba kampuni si shule, kwamba mtu wa wiki nane hawezi kukabidhiwa kazi nyeti, na kwamba kumwelekeza kunachukua muda wa mfanyakazi anayelipwa. Hoja hiyo ina ukweli, na naiheshimu. Siri za wateja ni siri, na hakuna benki itakayompa mwanafunzi nywila ya mfumo wa malipo. Lakini kazi inayosubiriwa si lazima iwe nyeti. Kulinganisha orodha ya mali za kampuni na mali zenyewe zilizomo ofisini, chumba kwa chumba, ni kazi ambayo karibu kila kampuni inaihitaji na karibu kila kampuni imeichelewesha. Kuwapigia simu wateja walionyamaza na kuandika kwa nini walinyamaza ni kazi. Kupanga malalamiko ya miezi mitatu kwa aina zake ili meneja aone lipi linajirudia ni kazi, na jibu lake linaweza kubadilisha uamuzi wa mkutano wa Ijumaa. Kuhusu gharama, tusisahau kwamba waajiri wa Tanzania Bara wenye wafanyakazi kumi na kuendelea hulipa SDL kila mwezi, na kwamba Kenya nayo huwatoza waajiri shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani yanayosimamiwa na NITA, mamlaka ya nchi hiyo ya mafunzo hayo. Nchi zote mbili zilikwisha kubali kwamba kumwandaa mfanyakazi wa kesho ni wajibu wa mwajiri pia. Kilichobaki ni kumfungulia mlango yule anayeandaliwa.

Suala la fedha lina upande wake mchungu. Kwa mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, fedha za mafunzo kwa vitendo zimekuwa zikikadiriwa kwa shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56, na mwenzake asiye na mkopo hutegemea nyumbani. Anayetoka Kigoma au Songea na asiye na ndugu Dar es Salaam hupiga hesabu ya chumba, chakula na nauli ya daladala, kisha huomba nafasi karibu na kwao, hata kama fani yake iko kwenye makao makuu ya benki na kampuni za simu. Mwenzake mwenye shangazi Sinza na mjomba anayemfahamu mtu wa rasilimali watu anaingia mahali ambapo barua mia za wengine zimerundikana bila kufunguliwa. Kwa hiyo tunaposema kwamba mafunzo haya humjenga mwanafunzi, tuseme pia kwamba huwajenga zaidi wale ambao tayari walikuwa na ngazi ya kupandia.

Marekani suala la malipo lilifika mahakamani. Vijana waliojitolea bila malipo kwenye utengenezaji wa filamu ya kampuni ya Fox Searchlight walifungua kesi wakidai kwamba walifanya kazi za waajiriwa, na mwaka 2013 jaji wa New York aliwakubalia. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi huo na kuweka kipimo kingine: itazamwe ni nani anayenufaika zaidi, kampuni au mwanafunzi. Kipimo hicho kinafaa kuamua nani alipwe, lakini kina hatari kikihamishiwa kwenye elimu bila kufikiriwa, kwa sababu kinaweza kumfanya mtu adhani kwamba kadiri kazi ya mwanafunzi inavyokosa manufaa kwa kampuni ndivyo mafunzo yanavyokuwa safi. Nilichokishuhudia ni kinyume chake. Kazi iliyokuwa na manufaa kwa kampuni ndiyo iliyofundisha, na kwa hiyo haki inataka kampuni iliyonufaika imlipe kijana angalau nauli na chakula.

Vyuo navyo haviwezi kuendelea kupima mahudhurio vikadhani vinapima elimu. Msimamizi kutoka chuoni kwa kawaida humtembelea mwanafunzi mara moja, huzungumza naye kwa muda mfupi, hukagua kama logibuku imesainiwa kila siku, kisha huondoka kwenda kwa mwingine. Ningependa aje na maswali matatu tu na ayaulize mbele ya msimamizi wa kampuni. Ni kazi gani uliikamilisha wewe mwenyewe? Nani aliipokea, na akaitumia kufanyia nini? Ulikosea wapi, na ulimwambia nani? Mwanafunzi aliyekaa kwenye kona hataweza kuyajibu hata kama amenakili ripoti nzuri namna gani, na kampuni iliyomweka kwenye kona itaona haya kwa upole, jambo ambalo fomu haijawahi kulifanya. Sura ya historia ya kampuni ningeifuta kabisa kwenye ripoti. Ipo kwenye tovuti yao na haimsaidii mtu.

Kuna elimu moja zaidi ambayo ripoti haina nafasi yake, nayo ni ile ya mwanafunzi kuhusu nafsi yake. Yuko atakayegundua kwamba anaipenda kazi ya hesabu kuliko alivyodhani, na yuko atakayekaa wiki nane mbele ya majedwali akaelewa, kwa utulivu kabisa, kwamba hawezi kuishi hivi miaka thelathini. Wazazi husikia hilo kama msiba, maana ada imekwisha kulipwa. Mimi nalichukulia kuwa miongoni mwa matunda ya thamani kubwa ya mafunzo haya, mradi lije mapema. Mwanafunzi aliyeng'amua baada ya mwaka wa kwanza bado anaweza kuhama kozi, au kuchagua masomo ya hiari yatakayompeleka kwenye ukaguzi, masoko au utafiti, au walau kuelekeza mradi wake wa mwisho kwingine. Aliyeng'amua akiwa amebakiza muhula mmoja hana la kufanya. Ndiyo maana natilia shaka kozi zinazompeleka mwanafunzi fildi mara moja tu, karibu na mwisho wa masomo, kwa hoja kwamba kabla ya hapo hajui kitu cha kuifaa kampuni. Risiti isiyo na TIN haihitaji mtu wa mwaka wa tatu kuiona. Inahitaji mtu aliyekabidhiwa bahasha na kuambiwa ni nani anayeingoja kesho asubuhi, na hilo linawezekana kabisa kwa kijana aliyemaliza mwaka wake wa kwanza.